Bipu ya Saa Kumi na Moja

Simu hulia mara moja, ikanyamaza.
Siipokei. Haikupigwa ili ipokewe.
Ni Tapsubei, yuko Kitale kwa mwanawe,
ananiambia bila kutumia senti:
mimi nimesimama. Wewe je?

Miaka ishirini na miwili nimekanyaga cherehani
hapa Bondeni, mlango wa kijani, karibu na kinu.
Lau hatua za mguu wangu wa kulia zingehesabiwa
ningekuwa nimefika Misri na kurudi;
lakini kiti ni kilekile, ukuta ni uleule,
na sare za shule hazijui kwamba fundi anavimba.

Nilijipima kiuno kwa utepe wangu mwenyewe,
nikapata namba ninayoiandikia mapazia.
Nikausingizia utepe.
Nesi hakuwa na wa kumsingizia. Alitazama kisaa cha presha,
akakigonga kwa ukucha, akapima tena,
kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:
"Mama, una watoto wangapi?"

Tapsubei alikuwa kwenye benchi hilohilo.
"Kwetu wote wanakimbia," akasema,
"mimi nilibaki kuwachemshia chai, na nikainywa."
Kesho yake tukavuka barabara kuu gizani,
tukapanda Milimani kama wezi waliosahau cha kuiba,
mbwa wa matajiri wakitutukana nyuma ya malango.
Kwenye mikaratusi ya Menengai tukaketi chini,
tukahema, tukacheka hadi mbavu zikauma.
Kreta hatukuiona siku hiyo. Wala wiki hiyo.

Watu hunipa methali. Nazipenda, hata nimezidarizi vitambaani,
ila methali haiamki alfajiri,
haifungi kamba za raba,
haijui baridi ya Julai inavyoingia gotini,
wala harufu ya mandazi ya Gathoni
njia ya kurudi, pale konani,
ambapo nimeanguka, nahesabu, mara kumi na tisa.
Na ari? Ari ni mgeni. Huja Jumatatu na begi dogo,
Alhamisi ameshaondoka na taulo langu.

Kilichobaki ni bipu.
Ni ile aibu ndogo ya kujua kwamba kuna mtu,
mbali na kitanda changu safari ya nusu siku,
amevaa sweta, ameshika komeo,
anangoja nimbipu nami
kabla hajafungua mlango.

Juzi simu haikulia.
Nililala nikikitazama kioo chake cheusi.
Kumi na moja na dakika tano. Na kumi.
Mvua iligonga mabati kwa upole,
ikinipa ruhusa ambayo sikuiomba.
Nikavuta blanketi. Nakiri.
Nikawaza presha yake, nikawaza yangu,
nikawaza sare arobaini zisizo na vifungo.
Kisha nikawaza: labda leo ni yeye
aliyelala akitazama kioo cheusi.

Nikalibonyeza jina lake.
Ikalia mara moja.
Nikakata.

Raba zilikuwa na unyevu wa jana.
Nilitoka bila kusubiri jibu, nikijisemesha,
maji ya mtaro yakishuka nami nikipanda,
na nilipofika kwenye jakaranda ya kwanza
kitu kilitetemeka mfukoni, mara moja tu,
kikatulia.

Mikaratusi ilikuwa ikidondosha maji. Sikukaa.

Kwa Gathoni nilianguka mara ya ishirini.
Nusu andazi. Nusu nyingine nilimpa bawabu wa godauni,
naye, akitafuna, akaniuliza
kama kesho pia nitapita.