Daftari la Nkejje

Sebuleni kwetu Walukuba, mlango namba nane,
kuna ziwa lenye urefu wa mikono miwili
na upana wa sinia la pilau.
Nililirithi kwa fundi wa friji aliyehamia Mbale.
Kioo kimoja kilikuwa na ufa; nikauziba kwa silikoni,
nikangoja siku tatu, nikanusa, nikatia maji.

Maji ya bomba hulala kwanza kwenye pipa
mpaka klorini iondoke, kama mgeni
asiyefukuzwa na mtu,
ila anaona mwenyewe kwamba chai haiji.

Walianza saba, katika mfuko uliovimba hewa:
majike watano rangi ya majivu,
madume wawili, ubavu moto wa makaa, shingo samawati.
"Hawa si wa kuvuliwa," alisema Magumba aliyeniuzia.
"Hawa ni wa kuchaguliwa. Mwekundu kwa binti wa mwekundu,
miaka na miaka, kwenye vioo vya nchi za baridi."
Nkejje aliyekwenda Ulaya akarudi na suti.

Shangazi Namukose alipowaona
alicheka hadi akatafuta kiti.
Kwake nkejje hutungwa kijitini, hukaushwa,
huingia kwenye mchuzi wa karanga na kichwa chake.
"Huyu umempaka nini?"
"Hajapakwa, Shangazi. Amechaguliwa."
"Na wasiochaguliwa je?"
Nikajifanya nasikiliza pampu.

Nina daftari la shule, kurasa tisini na sita,
nyuma yake jedwali la kuzidisha.
Kizazi cha pili: arobaini na mmoja, wamebaki tisa.
Kizazi cha tatu: wekundu umefika mkiani.
Kizazi cha nne: mmoja ana mgongo wa upinde.
Samaki mkunje angali mbichi, walisema;
huyu alikunjika kabla sijamgusa.

Jike hubeba mayai mdomoni siku kumi na nane.
Hali. Shavu limejaa
kama mtu anayeficha jibu.
Akiwatema, wadogo kama herufi,
mimi tayari nina kalamu.

Umeme ukikatika usiku
Mutesi hunishikia tochi, nami nachota kwa kikombe,
namwaga kutoka juu, nachota, namwaga,
hewa iingie kwa nguvu za mkono,
mpaka majogoo ya Walukuba yanicheke.
Mke wangu hasemi kitu. Hupiga miayo tu,
miayo mirefu yenye maana.

Wa kijivu niliwatoa Jumapili.
Dume la miezi minane lisilo na rangi
lina kazi gani katika ukoo?
Neti, ndoo, mtoto wa jirani mlangoni na kopo lake,
kisha rula, kisha mstari.
Kizazi cha tano nilichora mistari kumi na sita.

Juzi Tenywa wa namba kumi na moja
alinigongea kabla sijavaa viatu.
"Njoo uone. Anaungua."

Dumu la mafuta ya kupikia, limekatwa kwa kisu,
mchanga wa ujenzi, jiwe moja, gugu la ziwani,
na ndani yake, peke yake,
yule niliyempa mwezi wa nne, sina shaka,
nimemjua kwa pezi lililochanika:
mwekundu, jamani,
mwekundu hadi kwenye mfuniko wa shavu,
mwekundu kuliko baba yake.

Nilichuchumaa. Magoti yalilia.
Kwangu alikaa nyuma ya bomba la chujio,
na bwana mkubwa alimpitia kila saa.
Nilisoma nasaba.
Ilikuwa woga.

Kumi na sita, kizazi kimoja tu.
Wengine makopo yao yalishapasuka,
wengine waliliwa na paka wa mchoma mahindi.

Nikamuuliza bei.
Tenywa, mwenye umri wa miaka tisa,
alifuta mikono kwenye kaptula, akafikiri,
akasema huyu hauzwi.
Ila nikiwa na jike, hata la kijivu,
yeye anapokea.