Kipya Kinyemi

Nimelilaza chali juu ya taulo kuukuu,
magurudumu hewani kama mende aliyeshindwa:
garimoshi la kilo sita, kipimo chake
moja kwa ishirini na mbili na nusu.
Nililinunua kwenye mnada wa kanisa, Crewe,
Novemba, mvua ile isiyonyesha wala kukoma,
kwa bei ya viatu vya shule.
Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina bustani.
Ninayo. Mita saba, na mlingoti wa kuanikia nguo.

Dohani yake ilikuwa plastiki.
Naomba unielewe: tumbo zima la chuma,
ribiti zimepangwa moja moja kwa subira ya mtu fulani,
halafu juu yake kofia nyepesi kama uongo.
Nikaagiza nyingine, ya shaba ya njano, kutoka Wales.
Ilifika ndani ya bahasha ndogo, imefungwa gazeti.
Nikaipima kiganjani
na chai ikachemka hadi ikakauka.

Ndivyo ugonjwa ulivyoanza.
Ukibadili dohani, taa inageuka kituko.
Ukibadili taa, kengele inaona haya.
Kengele mpya inadai filimbi, filimbi inadai ngazi,
ngazi inadai dereva mwenye uso.
Mwanakombo akaniita kutoka dirisha la jikoni:
"Ukishamaliza hilo, utanibadili na mimi?"
Sikumjibu. Nilikuwa na skrubu tatu mdomoni.

Machi nilibadilishwa nyonga.
Daktari, kijana mwenye soksi za rangi ya chungwa,
alinionyesha mfano wake: kijiti cha chuma,
kichwa cha duara, laini kuliko yai.
"Hii itakutosha miaka ishirini."
Nikamuuliza tundu lake ni milimita ngapi,
nani aliyeipiga tupa.
Akacheka, akidhani ni woga.
Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Hawakusema neno juu ya kile cha zamani,
kilitupwa wapi, nani aliyekisindikiza.

Jirani yangu Tunnicliffe, miaka thelathini na moja
kwenye karakana ya reli, hushika bisibisi kama kalamu.
Haongei. Jumanne moja aliongea:
"Injini iliingia na boila hili, ikatoka na lile.
Magurudumu ya huyu, kibanda cha yule.
Namba tu ndiyo iliyorudi nyumbani."
Nikatazama pembeni.
Mimi hata namba nilishaing'oa.
Nimebandika 47, basi nililoendesha
hadi mguu ulipokataa klachi.

Vilivyong'olewa nilivitia katika kopo la biskuti,
sijui kwa nini. Mkono ulikataa kutupa.
Maimuna, mjukuu wangu, miaka sita, akalipata kopo.
Boksi la viatu, gundi, uzi wa sufi:
dohani ya plastiki ikakaa upogo,
taa kipofu ikatazama mbinguni,
kengele isiyolia ikalia kwa mdomo wake.

Jumapili nikaliwasha langu.
Matone sita ya mafuta, moshi mwembamba,
shaba yote inang'aa, Tunnicliffe amevua kofia.
Likaenda. Likapita mlingoti likiwa bibi harusi.
Kwenye kona likajilaza ubavuni, taratibu,
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Tukapima. Magurudumu mapya ya mbele,
yale niliyoyalipia kuliko yote,
yamepungua kwa upana wa unywele.
Ya zamani yalikuwa yanatupita hapo hapo,
chini ya boksi la viatu, yanavutwa kwa uzi,
hayajaacha njia hata mara moja,
wala njia yenyewe hayakuwa nayo.

Nikapiga goti kwenye majani mabichi,
goti la zamani, nyonga mpya,
nikaomba kuazima.
Maimuna akafikiri sana.
Akaniuliza nitamrudishia lini.