Maji Hayafiki Ghorofa ya Nne

Vidato sitini na nane. Nazijua ngazi hizi kwa mabega:
miaka thelathini nimezipanda, spana kiunoni,
bomba la inchi mbili begani, mchana wa Ramadhani,
na juu nikafika nikipiga mluzi.

Siku hizi naishia cha kumi na tisa.
Hapo rangi ya ukuta imebambuka, imefanya umbo la Pemba,
nami husimama kama mtu anayetazama kisiwa,
ili watoto wa Zuwena wasijue natafuta pumzi.
"Shikamoo, babu Makame!"
Nainua mkono tu.
Marahaba ina silabi nne.
Mimi nnazo mbili.

Moyo, walisema Mnazi Mmoja. Moyo umechoka kusukuma.
Nikaamini. Fundi bomba gani asiyejua pampu iliyochoka?
Mgeni, mke wangu, akanitandikia dirishani,
akanikataza ndoo, akanikataza sokoni,
hata mswala akanisogezea: "Kaa, baba Faki, usihangaike."
Nikakaa. Miezi minane nikakaa
kama spea iliyofungiwa kabatini isiharibike.

Ikaharibika.

Yule binti wa kliniki, Shemsa, mwenye sauti ndogo,
alinibonyeza paja kama anayechagua papai.
"Mzee wangu, miguu hii imekwenda wapi?"
Nikamwambia, ni moyo.
"Moyo ndiyo. Lakini moyo una wenzake."

Akanieleza, nami nikacheka hata nikakohoa,
maana hayo nimewaimbia wapangaji umri wangu wote!
Maji yasipofika juu, kila mtu hulaani pampu.
Wanachanga, wananunua mpya, bomba kavu vile vile.
Nami hupanda na tochi, nikakuta
koki imeganda, haitanuki maji yakija kwa wingi:
ndivyo mishipa yangu, asema,
inabana pale pale inapotakiwa ilegee.
Nikakuta maji yamerudi nyuma, yametuama chini:
ndiyo mapafu haya yanayolowa nikilala chali,
ndivyo vifundo hivi, ukibonyeza, shimo la kidole linabaki.
Na tangi la juu limejaa tope,
hata maji yakifika hayana faida:
ndiyo nyama ya mapaja yangu. Imesinyaa kwa kukaa,
imesahau namna ya kuila hewa inayoletewa.

"Na kile kidonge cha asubuhi," nikamuuliza,
"kinachouambia moyo usikimbie?"
"Hicho kinakulinda, usikiache. Ila ndiyo,
hata ukitaka ukimbie kidogo, unakataa."

Akageuza karatasi. "Na damu yako ina upungufu wa chuma."

Chuma!
Mimi niliyekwangua kutu za Michenzani nzima,
niliyerudi nyumbani mwekundu mpaka kope,
Mgeni akafua shati maji saba yasitakate,
leo nadaiwa chuma.

Kwa hiyo nifanyeje?
"Dawa zako. Chumvi punguza. Na utembee,
kidogo, kila siku, uchoke bila kuzimia."
Kutembea si ndiko kunakoniua?
"Kukaa nako," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Mgeni hakukubali. Siku tatu hakunisemesha
ila kwa chai, na chai yenyewe haina sukari.
Siku ya nne akatoka na kigoda kwapani,
akateremka mbele yangu, kidato kwa kidato, kinyumenyume,
kama anayemfundisha mtoto kwenda tata.
Nikaona haya. Nikateremka.

Sikwambii kuwa nimepona. Usiku bado nalalia mito mitatu.
Jana niliishia cha kumi na nne, nikarudi, nikalia chooni.

Lakini juzi kilikuwa cha ishirini na tatu.
Pemba nikaiacha chini yangu ukutani.
Kitoto cha Zuwena kikapita mbio na mkate wa kumimina:
"Shikamoo, babu!"

"Mara—" nikaushika ukuta,
nikangoja, nikasikia ndani maji yakipanda,
"—haba."

Haba, ndiyo.