Safu Moja ya Vitunguu

Mimi ndiye mwenye mhuri, Qollpapampa, mlango wa pili,
baada ya benchi lenye mguu mmoja wa matofali.
Nicasia Ccopa alikuja Jumatatu, jalidi ingali kwenye kofia,
ameshuka saa nne kwa miguu kutoka juu,
ambako viazi hukauka huku theluji ya mlimani inaonekana kwa macho.

Alitaka mipira ile. Myeusi, yenye vitobo,
inayodondosha maji shinani kama bahili anayehesabu sarafu.
Injinia wa mji mkuu aliionyesha uwanjani,
kwa Kihispania, kwa kipaza sauti,
akagawa vipande vya sampuli, shubiri mbili kila mtu.

Nikamwambia: hati ya shamba.
Akaitoa kifuani. Jina: Toribio Ccopa, babu yake.
Nikamwambia: Toribio aje atie sahihi.
Akanijibu kwa Kikechua, taratibu, nisije nikasingizia sikuelewa
(ni lugha ya mama yangu, ila ofisini huwa siisikii):
"Toribio yuko shambani. Amelala humo tangu mwaka wa tetemeko."

Basi mahakama, nikasema. Mahakama ikasema benki.
Benki ikataka mdhamini, mwanamume mwenye mshahara.
Ushirika ukasema kitabu cha wanachama
amesafiri nacho mwenyekiti,
na mwenyekiti amesafiri na mweka hazina.
Akarudi kwangu. Nikamwambia fomu zimebadilika rangi.

Na mipira? Ipo. Ghala la nyuma, marobota arobaini,
kuku wa mlinzi wametagia ndani yake.
Ufunguo ninao. Amri sina.
Nimeyasema hayo hata ulimi umeota sugu.

Agosti akaja mkaguzi, tukapanda hadi kwake.
Kile kipande cha sampuli alikuwa amekifunga
kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, juu ya vitunguu.
Vitunguu saba. Kijani, katika bonde zima la kahawia.
Tone. Kimya. Tone.
Mkaguzi akapiga picha, akachuchumaa, akaandika:
"Teknolojia imepokelewa. Mnufaika: mmoja."
Akanipa karatasi nigonge.

Nikagonga.

Nicasia hakusema kitu. Aling'oa kitunguu kimoja,
akakikung'uta udongo wa Toribio,
akaniwekea kiganjani, mkono ule wenye wino.
Vikabaki sita.

Kipo mezani hadi leo, kando ya mhuri. Kimeanza kuchipua.
Asubuhi hii nilichukua ufunguo,
nikafika mpaka mlango wa ghala,
nikasimama,
nikawasikia kuku.