Kisanduku cha "Mengineyo"

Jimbo limenipa simu, kiti na fomu:
niwapigie wauguzi walioondoka,
niwaulize sababu, nitie tiki.
Mshahara. Nyumba. Baridi. Shule za watoto.
Mengineyo: mstari mmoja, herufi arobaini.

Hapa Bismarck theluji hufagiwa usiku,
asubuhi imerudi, kama haikuambiwa kitu.
Mezani nina bahasha za ahadi mpya:
tutakulipia deni la chuo, robo kila mwaka,
sharti ukae miaka minne
mahali ambapo duka la karibu ni mwendo wa saa nzima.

Leo nimempata Arlys Hegstad,
miaka kumi na mmoja zamu ya usiku,
hospitali ya vitanda tisa, huko karibu na mpaka.
Nikamsomea kiasi. Akanyamaza.
Nikadhani anapiga hesabu.

"Pesa si mbaya, mwanangu.
Ila daktari alipohama
walitutundikia kioo ukutani, na daktari mle ndani.
Mpole. Ana maua nyuma yake.
Mtoto wa akina Reinholt alipokuja miguu mbele
yule wa kwenye kioo akasema, 'Mgeuze taratibu,'
nami nina mikono miwili tu,
mmoja umeshika tochi, maana jenereta..."

Hakumaliza. Kalamu yangu
ilikuwa imesimama juu ya Baridi.

"Alitoka mzima. Yuko darasa la pili, msumbufu."

Kisha: "Mnatupigia sisi tuliotoka,
mnatubembeleza kama wachumba.
Twyla Bachmeier yupo. Zamu zangu anazo yeye.
Huyo kampigia nani?"

Nikatafuta kwenye orodha. Hayumo.
Orodha ni ya nafasi zilizo wazi;
aliyeziba mbili hahesabiwi hata moja.

Saa tatu usiku, ofisi imefungwa, nikapiga.
Ikaita sana. Sauti ikasema, "Subiri,"
mkono wa simu ukalazwa mezani.
Nikasikia viatu vya mpira vikienda mbio,
kengele ya kitanda, mzee akiomba maji
kwa Kijerumani cha babu zake,
viatu vikirudi, vikipita, vikienda tena.

Tiki sijatia.
Bado niko kwenye laini.