Glovu ya Kushoto

Tega.
Kwa nini Bwana Tanuri huvaa glovu moja tu,
nyekundu, ya kushoto,
tangu toleo la kumi na nne mpaka leo?

Jumatano jioni, duka la Stukey, Toledo, jimbo la Ohio.
Nje theluji imeshakuwa tope.
Ndani, viti vya kukunja, birika la umeme,
biskuti zilizovunjikia kwenye pakiti,
na makasha ya vitabu vya katuni, mwaka kwa mwaka,
kama mafaili ya hospitali.
Mimi ndiye niliyeshika chaki.

Maswali ya mwanzo yalikuwa mteremko.
Mama yake alifanya kazi gani? Mpuliza chupa.
Toleo la kwanza liliuzwa bei gani? Senti kumi na mbili,
wakajibu kwa pamoja, kama wanaoitikia dua.
Amekufa mara ngapi?
Nne.
"Tano," akapinga Jovita Salcedo,
miaka kumi na miwili, waya kwenye meno,
"mkihesabu na ile ndoto."
Hapo tukagawanyika
kama watu wanaobishania mwezi mwandamo.

Kisha glovu.
Mikono ikasimama, msitu.
"Asidi ya Daktari Quillon! Toleo la kumi na tano, ukurasa wa tatu!"
"Wapi! Ni kiapo. Mkono wazi wa kusalimia,
uliofunikwa wa kupigia."
Ernst Pfeil alikuja na hoja ya kurasa tisa,
imepigwa chapa, ina tanbihi.

Nyuma kabisa, ubavuni mwa rejeta,
alikaa bibi tuliyedhani amekimbia baridi tu:
koti la kijani, mfuko wa vitunguu mapajani.
Akainua kidole.

"Ilikuwa Ijumaa," akasema.
"Mwanangu ana homa, kurasa zinatakiwa saa kumi na moja.
Glovu moja nikaitia wino, ya pili nikaisahau.
Jumatatu wakanipigia simu. Nikajua nimefukuzwa.
Kumbe walikuwa wameshatunga sababu."

Stukey akaitazama kadi yake.
Kadi ilisema asidi.
"Samahani, mama. Si sahihi."

Nami nikaandika sifuri,
duara safi, bado naiona,
mbele ya jina nililolisikia nusu: Ilonka, Ilonka nani?
Veress, akanitajia, herufi kwa herufi, bila kinyongo.
Usiku ule nilifungua kasha zima kulitafuta.
Mwandishi yupo, mchoraji yupo, mhariri yupo,
hata mwenye mtambo wa kuchapa yupo.
Wino haukuandikiwa mtu.

Jovita alikuwa amegeuza kiti.
"Na ule mnara wa saa wa mji wa Orvane,
usio na mshale wa dakika? Nao ulisahau?"

"Aa, huo sikuusahau.
Ulikuwa mkabala na dirisha langu, nyuma ya kanisa la Wahungaria.
Mshale ulianguka, hakuna aliyepanda kuurudisha.
Lile paa analotulia kila mara ni la mama mkwe.
Tazama pembeni, utaona banda la njiwa.
Ngazi za chuma ni za kwetu. Ya tatu ilikuwa inalia,
ndiyo maana yeye huiruka."

Kurasa zikaanza kufunuliwa,
taratibu, kwa ncha za vidole.
Miaka thelathini Ernst Pfeil amesoma vitabu hivi;
akaondoa miwani, akairudisha.
Banda lilikuwepo.
Ngazi ya tatu, kila toleo, mguu hauigusi.

Kitendawili kikikushinda, unatoa mji.
Sisi tulimwandikia kwamba ameshindwa.
Basi akautoa,
na saa yake mbovu, na njiwa, na paa la mkwewe,
akachukua vitunguu vyake
akawahi basi.