Udongo wa Kununua

Hapa Majengo ardhi ni jiwe,
jeusi, lenye makali, linakula viatu.
Udongo tunaununua kwa gunia.
Kambere huuleta kwa chukudu kutoka Kibumba,
na kila gunia humwagika kidogo njiani
kama mtu anayelipa kodi.

Mwezi wa tisa nilifukia vidole sita vya manjano
katika beseni lililotoboka,
lile tulilomwogeshea mtoto.
Majani yakaja mapana, nikajisifu.
Kavugho akachungulia juu ya ua:
“Ndizi gani hiyo isiyorefuka?”

Mwezi wa sita yakanyauka yote.
Nikalibeba beseni niende kulimwaga jaani.
“Weka chini,” akasema Kavugho,
“deni la udongo hujamaliza.”

Jumamosi nikalipindua.
Ukatoka mkono,
si wa mtu, lakini mkono,
vidole vimeng’ang’ania tope la Kibumba
kana kwamba navyo vinajua bei.
Nikavunja kimoja:
taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana.

Nikachemsha, nikakata, nikaanika juu ya bati.
Mlima ukapuliza majivu mara mbili,
nikaosha mara mbili.
Mavuno yote: kopo la maziwa,
nalo halikujaa.

Jumatatu, kwenye chama cha akiba,
karani akanishika gumba alichovye wino.
Akasita.
“Mama, homa ya manjano?”
“Manjano tu,” nikamjibu. “Homa sina.”